Myumbishe Kwanza, Ndipo Umbwage: Mwereka wa Judo kwa Anayeanza

Masumbwe, wilayani Mbogwe, hakuna uhaba wa vijana wenye nguvu. Wapo wanaopakia mchele kwenye malori ya Kahama, wapo wanaotoa viroba vya mawe kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na kuvifikisha karashani yakasagwe, wapo wanaoinamia majaruba tangu alfajiri. Mwambie mmoja wao amwangushe mwenzake: atamkumbatia kiunoni, atakaza shingo, atamnyanyua na kumtupa. Akikutana na mtu wa uzito wake atahema. Akikutana na aliyemzidi kilo kumi, watabaki wameshikana hivyo hivyo mpaka wote wachoke. Judo inaanzia pale njia hiyo inapogoma.

Somo hili ni la mwereka mmoja tu, o-goshi, ule wa kumzungusha mtu juu ya nyonga yako. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, anayeangusha anabaki amemshika mwenzake mpaka chini, kwa hiyo anaweza kumpunguzia kishindo. Pili, mwenye kuanguka haendi kinyumenyume. Vijana wengi hukimbilia o-soto-gari, ambao mguu unafagiwa kwa nyuma na mtu anakwenda chali, kwa kuwa unafanana na mtama wa mtaani. Lakini Japani, watafiti waliochunguza ajali za kichwa za wanafunzi wa judo waliukuta mwereka huo ukijirudia kuliko mingine. Mahali pasipo na magodoro ya kiwanda, usianze nao.

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo jijini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mtu mdogo wa umbo. Ameandika kwamba mmoja wa walimu wake, Iikubo, alikuwa akimbwaga atakavyo, hadi siku moja, kwenye mwaka 1885 hivi, mambo yakageuka na mwanafunzi akawa ndiye anayembwaga mwalimu. Kano hakuwa ameongeza misuli. Alikuwa amechunguza jinsi mwili unavyojibu: ukiusukuma, unakusukuma, ukiuvuta, unakuvuta, na katika kujibu huko unapoteza mizani yake wenyewe. Ndipo judo ikaugawa mwereka katika sehemu tatu: kuzushi, yaani kumyumbisha mtu, tsukuri, yaani kuingia na kukaa mahali panapofaa, na kake, yaani kumalizia. Nguvu huhitajika katika sehemu ya tatu, tena kidogo. Anayeanza huitumia tangu sehemu ya kwanza, na hapo ndipo kazi yake yote inapoharibika.

Wala huu si mchezo wa mbali na sisi. Zanzibar kuna vijana waliofundwa judo kwa miaka mingi na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani na kufanya makazi yake huko. Andrew Thomas Mlugu ameiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na ya Paris mwaka 2024, uzito wa kilo 73. Huo ndio uzito ambao Shohei Ono wa Japani alichukua dhahabu Rio, kisha akairudia Tokyo. Kilo 73 ni uzito wa kijana wa kawaida kabisa unayepishana naye sokoni.

Kwanza, mahali pa kuangukia

Uwanja wa mashindano hutandikwa magodoro magumu ya unene wa sentimita 4 hivi. Yakikosekana, tengeneza sakafu ya maranda ya mbao. Omba maranda kwa mafundi seremala, ambao mara nyingi huyachoma tu. Piga fremu ya mbao ya mita 5 kwa 5, mwaga maranda, yakanyage, ongeza tena, mpaka yashindiliwe na kufikia kina cha sentimita 25 hivi. Juu yake vuta turubai la lori hadi likaze, ulifunge kwa kamba na vigingi vilivyo nje ya fremu. Turubai lililolegea hukunjamana, na mkunjo mmoja unatosha kumtegua mtu kifundo cha mguu.

Masumbwe pumba za mpunga zinapatikana bure nyuma ya kila mashine, na wengi watakuambia uzitumie. Zinafaa, ila si katikati ya uwanja. Pumba hazishikani, ukigeuka juu yake unyayo unazama na goti linabaki linajipinda lenyewe. Zijaze kwenye viroba, uvipange kuzunguka fremu yote ili atakayetoka nje asikutane na ubao. Viroba hivyo usivitandike katikati pia, maana vidole vya miguu vitaingia kwenye nafasi kati ya kimoja na kingine.

Jambo moja la kwetu halina mjadala. Usitumie mchanga wala marudio (mabaki ya mawe yaliyooshwa dhahabu) kutoka mwaloni, na usitumie kiroba kilichowahi kubeba marudio au kemikali za kuchenjulia dhahabu. Mabaki ya zebaki na sayanaidi yaliyochanganyika humo hayaonekani kwa macho, na mtu wa judo anashinda amelaza uso, mikono na mdomo wake hapo chini. Kiroba cha mchele au cha pumba ndicho kiroba chako.

Weka uwanja chini ya paa ukiweza. Mvua huozesha maranda, na jua la mchana huliunguza turubai hadi unyayo usivumilie. Kabla ya kila zoezi piga goti kwa nguvu sehemu mbalimbali. Ukiisikia ardhi, ongeza maranda. Pitisha mkono kutafuta misumari.

Jifunze kuanguka kabla ya kuangusha

Anayeogopa kuanguka hukakamaa, na aliyekakamaa ndiye anayeumia. Tena huwezi kupata mwenza wa kukuvumilia ukijaribu mwereka mara hamsini kama kila anguko linamuuma. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo jifunze kuanguka, na asiangushwe mtu.

Anza umelala chali. Kaza kidevu kifuani na utazame fundo la mkanda wako, kisogo kisiguse chini. Nyoosha mikono, ipige sakafu kwa pamoja kwa kiganja na mkono mzima hadi bega, ikiwa mbali kidogo na mwili. Isinyooke kama msalaba wala isibane mbavu. Toa pumzi unapopiga. Ukishazoea, fanya hivyo ukianzia umechuchumaa, kisha ukianzia umesimama huku unachuchumaa na kujiviringa nyuma.

Halafu jifunze kuanguka ubavu, kwa maana o-goshi inamlaza mtu ubavu. Chuchumaa, telezesha mguu wa kushoto kuelekea kulia, uache mwili uangukie upande wa kushoto, na mkono wa kushoto upige sakafu. Miguu isipishane, visigino vikigongana vinauma kwelikweli. Rudia upande wa pili.

Kuna silika moja inabidi uivunje: kunyoosha mkono ili ujizuie usianguke. Mkono ulionyooshwa ndio unaovunjika kifundo, au unapeleka kishindo begani na kuvunja mtulinga. Mwili upokelewe na eneo kubwa, si na kiganja kimoja. Mwalimu akiona mwanafunzi bado ananyoosha mkono, huyo asiangushwe na mtu siku hiyo, hata kama ana hamu kiasi gani.

Koti na mshiko

Judo huchezwa ukiwa umevaa koti la pamba nzito, na koti hilo ndilo mpini wako. Likikosekana, tafuta mitumbani koti la jinzi au ovaroli nene, toa vifungo vyote vya chuma na zipu, kisha mpe fundi cherehani aipige mishono ya mabega na makwapa mara mbili. Mkanda uwe wa kitambaa. Kata kucha za mikono na miguu, vua pete, mkufu na saa.

Maelezo haya ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze kila kitu. Mkono wako wa kushoto ushike koti la mwenzako kwenye mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, upande wa nje. Mkono wako wa kulia ushike ukosi wake wa kushoto, usawa wa mtulinga. Kaza vidole vitatu vya mwisho, kidole cha shahada na gumba vilegee kidogo. Viwiko viwe chini, mabega yatulie. Ukimshika mtu kwa mabavu tangu mwanzo, anasoma kila unachotaka kufanya kupitia mikono yako.

Simama wima, miguu ikiwa na upana wa mabega, magoti yamelegea. Ukitembea, buruza nyayo karibu na sakafu na usipishanishe miguu. Na usimshike mtu miguu kwa mikono. Katika michezo yetu ya kubwagana malishoni jambo hilo ni la kawaida, lakini kanuni za kimataifa zilianza kulibana mwaka 2010 na kulipiga marufuku kabisa mwaka 2013.

O-goshi, hatua kwa hatua

Chukua chaki au kipande cha mkaa, umwambie mwenzako asimame, uchore nyayo zake kwenye turubai. Sasa una ramani. Mazoezi ya kwanza fanya peke yako juu ya ramani hiyo, mwenzako akiwa pembeni anatazama miguu yako.

*Kumyumbisha.* Mkono wa kushoto uvute mkono wake mbele na juu, kiwiko chako kikipanda hadi usawa wa bega na kiganja kikigeukia nje. Mkono wa kulia umwinue kupitia ukosi. Tazama visigino vyake. Vikianza kuachana na sakafu, na uzito umehamia vidoleni, umemyumbisha. Visipoachana, usiendelee, vuta upya. Kati ya mambo yote ya somo hili, hili la visigino ndilo la kukumbuka ukisahau mengine.

*Kuingia.* Peleka mguu wako wa kulia mbele ya mguu wake wa kulia, kwa ndani, ukanyage kwa mbele ya unyayo. Wakati huohuo mkono wako wa kulia uachie ukosi, upite chini ya kwapa lake la kushoto na kumzunguka kiunoni. Sasa geuka kuelekea kushoto juu ya kitako cha vidole, na mguu wako wa kushoto uzunguke nyuma yako hadi utue mbele ya mguu wake wa kushoto. Nyote wawili mnatazama upande mmoja. Miguu yako iko ndani ya miguu yake, na ina upana mdogo kuliko yake. Magoti yamepinda, mkanda wako uko chini ya mkanda wake, makalio yako yamegusa mapaja yake, na nyonga yako ya kulia imechomoza kidogo kupita ya kwake. Kati ya mgongo wako na kifua chake pasipite hata karatasi.

Aliyewahi kujitwisha kiroba cha mawe anaijua sehemu hii. Kiroba hakinyanyuliwi kikiwa mbali na mwili, wala hakinyanyuliwi kwa kuinama kiuno. Unakisogelea, unashuka kwa magoti, unakibana mgongoni, ndipo unasimama. Tofauti ni kwamba kiroba kinakusubiri, mtu hasubiri. Ndiyo maana kuyumbisha kunatangulia.

*Kumalizia.* Nyoosha magoti. Mkono wa kushoto uendelee kuvuta kwa mviringo kuelekea nyonga yako ya kushoto, na kichwa kigeuke kushoto kutazama kule unakompeleka. Atazunguka juu ya nyonga na kutua ubavu mbele yako. Hapo ndipo mwalimu mzuri anapopaza sauti: "Mkono wa kushoto! Usiuachie!" Uvute juu mpaka mwenzako atulie chini. Mkono huo ndio unaokilinda kichwa chake, na ndio unaomwezesha kupiga sakafu kwa mkono wake wa kushoto ulio huru.

Katika mashindano, ukimwangusha mtu mgongo kwa kasi, kwa nguvu na huku umemtawala, mwamuzi anatamka "ippon" na pambano linakwisha. Kutawala ni sehemu ya alama. Aliyemwachia mwenzake aporomoke ovyo hajamaliza kazi, hata kama watazamaji wanapiga mbinja.

Namna ya kujipatia nafasi

Kumwangusha mwenzako akiwa amesimama tuli ni zoezi. Kumwangusha akiwa anatembea na hataki ndiyo judo. Anayeanza humvizia mwenzake kwa macho na kurukia. Anayejua humtembeza mpaka nafasi ijitokeze. Kuna njia tatu za kuanzia.

Ya kwanza ni kurudi nyuma. Rudi hatua mbili za kawaida huku ukimvuta kwa upole, naye akufuate. Hatua ya tatu ifanye fupi, lakini mkono uvute kwa urefu uleule. Yeye ameshazoea mwendo wako, atatia hatua nzima, na kifua chake kitatangulia miguu. Ingia mguu wake unapotua, siyo baada ya kutua. Akishakanyaga na kutulia, nafasi imefungwa.

Ya pili ni kumsukuma. Msukume kifuani kwa mkono wa kulia, hatua moja ya haki, bila uigizaji. Mtu yeyote mwenye nguvu atakusukuma nawe. Mara tu unapouhisi msukumo wake, acha kusukuma, vuta upande uleule anakokwenda, ugeuke. Nguvu ya kumwangusha ameitoa yeye. Njia hii inawafaa sana wanaopambana na watu wazito, na vijana wenye mabavu huingia ndani yake kila mara kwa kuwa hawakubali kusukumwa.

Ya tatu ni kumtishia kwa mguu. Ingia kwa o-uchi-gari: mguu wako wa kulia upite katikati ya miguu yake na kuufagia mguu wake wa kushoto kutoka ndani, huku unamsukuma nyuma. Akipuuza, anakwenda chini, na umepata. Asipopuuza, atauondoa mguu na kuegemea mbele ili asiende chali. Kule kuegemea mbele ndiko ulikokuwa unakutafuta. Geuka uweke nyonga. Hii nayo ina upande wa pili. Akiizoea nyonga yako, atakuwa akikaza kiuno na kuegemea nyuma kila unapogeuka. Basi usigeuke kikamilifu. Geuka nusu, aegemee, umfagie kwa o-uchi-gari. Ukiwa na mlango wa mbele na wa nyuma, hatakuwa na pa kujibanza.

Ukikwama, angalia hapa

*Amekuwa mzito kama jiwe.* Nyonga yako iko juu ya mkanda wake. Usiongeze nguvu, pinda magoti zaidi.

*Mgongo wa chini unakuuma.* Unainama kiunoni badala ya kushuka kwa magoti. Simamisha zoezi urudi kwenye ramani ya nyayo. Mtu aliyetoka kupakia magunia mchana kutwa apewe zoezi la kuanguka na kuingia bila kunyanyua, basi.

*Goti linakuuma ukigeuka.* Umekanyaga unyayo mzima, kwa hiyo mwili unageuka na mguu unabaki. Geukia kitako cha vidole.

*Anakuzunguka na kutokea mbele yako.* Umeweka nyonga mbali, au umelegeza mkono wa kiunoni. Mbane mpaka umsikie anavyopumua.

*Unaanguka naye.* Miguu yako imebanana mno, au umejitupa mbele kwa kichwa. Kujirusha kwa kichwa ni hatari kwa shingo yako mwenyewe, na kwenye mashindano anayefanya hivyo hutolewa.

*Anakuvuta nyuma unapogeuka.* Uligeuka kabla ya visigino vyake kunyanyuka. Hakuna dawa nyingine.

Ratiba ya wiki sita

Mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, inamtosha mtu mwenye kazi. Kila siku anza na dakika kumi na tano za kupasha mwili moto na kuanguka, hata utakapokuwa umebobea.

Wiki ya 1 na ya 2: kuanguka chali na ubavu, kutembea mmeshikana, na kuingia peke yako juu ya ramani ya nyayo. Hakuna anayeangushwa.

Wiki ya 3: kuingia na mwenza aliyesimama, bila kumwangusha. Ingia mara kumi, mpishe naye aingie kumi, hadi kila mmoja atimize mia. Ile ya kumi mnyanyue mpaka miguu yake iachane na turubai, umrudishe taratibu. Mwendo uwe wa polepole wiki nzima; kasi inaficha makosa.

Wiki ya 4: kuangusha, mwenza akiwa amekubali, mara kumi kwa siku zinatosha. Mfanane uzito.

Wiki ya 5: kuangusha mkitembea, kwa ile njia ya kwanza na ya pili.

Wiki ya 6: njia ya tatu, kisha mapambano mepesi ya dakika mbili mbili. Mapambano ya mazoezi siyo fainali. Anayekakamaa ili asianguke kamwe anajinyima somo, na anamnyima mwenzake.

Siku ambayo huna mwenza, funga tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye mti imara, usawa wa kifua, ushike ncha zake kama mkono wa koti na ukosi. Vuta, ingia, geuka, rudi. Masahiko Kimura, mmoja wa wachezaji hodari kuwahi kutokea Japani, alikuwa akiupiga mti kwa o-soto-gari kila siku. Wewe huhitaji kuupiga. Tyubu inatosha kukufundisha kwamba mkono wa kushoto hauruhusiwi kupumzika.

Heshima na tahadhari

Judo huanza na kuishia kwa kuinamiana. Wapo wazazi, Waislamu kwa Wakristo, watakaouliza kama huko ni kuabudu. Waeleze kwamba ni salamu: namshukuru mwenzangu kwa kuniazima mwili wake nijifunze. Na haiondoi adabu ya nyumbani. Ukimkuta mzee uwanjani, shikamoo kwanza, kuinama baadaye.

Aliyegonga kichwa aondoke uwanjani siku hiyohiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa, akilalamika kichwa kinazidi kuuma au akisinzia kusiko kwa kawaida, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri asubuhi, na asirudi mazoezini mpaka dalili ziishe na mganga aridhie. Aliyekunywa pombe hapandi turubai. Watoto wafanye na watoto wenzao. Mwenye fangasi au kidonda kibichi apone kwanza, maana turubai moja linagusa ngozi za watu wote.

Mkishakuwa kikundi cha watu kumi wanaohudhuria, nendeni kwa afisa michezo wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbogwe mwulize utaratibu wa kusajili klabu. Usajili unafungua mlango wa kualika mkufunzi mwenye mkanda mweusi. Mleteni hata kwa siku mbili, kwa kuwa maandishi hayana jicho la kuona nyonga yako ilipo. Na msidharau udogo wa mji. Peja, mji wa kawaida nchini Kosovo, umelea mabingwa watatu wa Olimpiki katika judo, Majlinda Kelmendi, Distria Krasniqi na Nora Gjakova, wote mikononi mwa kocha mmoja, Driton Kuka.

Baada ya wiki sita utatamani mwereka mpya. Usiuchague kwa kutazama video. Uchague kwa kutazama jinsi wenzako wanavyokukwepa. Husimuliwa kwamba Kano alikuwa hodari wa uki-goshi, mwereka wa nyonga ulio ndugu wa o-goshi, mpaka mwanafunzi wake Shiro Saigo akajifunza kuiruka nyonga ile na kutua upande wa pili. Kano akajibu kwa kuongeza mguu unaomfagia anayeruka, na hapo ukapatikana harai-goshi. Kwa hiyo wenzako wakianza kuiruka nyonga yako, ongeza mguu. Wakianza kuegemea nyuma, tayari unayo o-uchi-gari. Na kama bado hawajapata njia ya kukukwepa, mwereka ulio nao unakutosha, endelea nao.